Chati Iliyoanzia Themanini na Nne

Ofisini walimwita Mama Takwimu, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ileile ya pembeni, karibu na kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haikufunguka mpaka uipige teke, akijumlisha wanafunzi, walimu, madawati na vyoo vya shule zote zilizokuwa chini ya ofisi ya elimu. Alianza kwa kalamu na rula. Baadaye ikaja kompyuta moja ya kugombaniwa na ofisi nzima, na mwishowe akapata ya kwake, yenye kibodi iliyofutika herufi A. Hakuwa na makuu. Alifika mapema, akafuta vumbi, akanywa chai yake ya rangi kimya kimya, na ukimuuliza shule fulani ina watoto wangapi alikujibu kabla hujamaliza swali.

Kwao alikuwa kitinda mimba. Kaka yake wa kwanza alimzidi miaka kumi na minne, na huyo ndiye aliyemlea. Baba yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, mama akafuata alipokuwa na miaka saba. Kaka mtu alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa ualimu katika shule ndogo ya machimboni, shule ya watoto wa wavunja mawe, yenye madarasa machache na ofisi iliyokuwa zamani stoo. Hakuwa na mke wala kitanda cha pili. Alimlaza mdogo wake kitandani, yeye akalala chini, na asubuhi wakaongozana kwenda shule mmoja akimshika mwenzake mkono. Jioni alimfundisha kujumlisha kwa kokoto zilizookotwa njiani.

"Kidogo," alikuwa akimwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga, "usiniambie nyingi. Niambie ngapi."

Miaka ikaenda. Kidogo akasoma, akaajiriwa, akaolewa na fundi saa mpole anayependa utani. Kaka mtu akaoa, akapata watoto, akawa mwalimu mkuu wa shule ileile ya machimboni, na hakuhama. Alipewa barua za uhamisho mara mbili, zote akazikataa kwa adabu. Alikuwa akisema kwamba akiondoka pale hatajua afanye nini na miguu yake asubuhi.

Sasa, mwaka ambao mambo haya yalitokea, ofisi ya elimu ilinunua programu mpya ya kuchora chati, na Mama Takwimu akapelekwa mafunzo ya wiki mbili. Akiwa na miaka arobaini na mitano alikaa darasani na vijana wa umri wa wanawe, amevaa miwani ya kusomea, daftari lake la karatasi mkononi. Mwanzoni mausi ilimkimbia kama panya kweli. Lakini kufikia siku ya nne alishaielewa programu ile, na akaipenda. Unaingiza jedwali lako, unachagua safu za namba, unabofya mara mbili, na zile tarakimu zilizokuwa zimelala zinasimama mbele yako zikiwa na rangi. Kilichomvutia zaidi ni chati za mihimili za kulinganisha: kila shule inapewa mihimili miwili, mmoja wa mwaka jana na mmoja wa mwaka huu, imesimama ubavu kwa ubavu, ili mtu aone kwa jicho moja nani amepanda na nani ameshuka.

Mkufunzi, bwana mmoja mwembamba asiyeinua sauti, aliwaambia jambo siku ya mwisho, naye akaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

"Mhimili uanzie sifuri siku zote. Programu itawachagulia kipimo chenyewe, msikiamini tu. Ukiukata mhimili miguu, umemdanganya mtu bila kufungua mdomo."

Alirudi nyumbani amechangamka kama msichana. Mumewe aliwaambia majirani kwamba mke wake siku hizi hata ndizi za mezani anazipanga kwa urefu.

Haikupita mwezi, mkuu wa ofisi akamwita. Mkuu huyo alikuwa mtu wa haraka haraka, anayeongea huku anatafuta funguo zake.

"Alhamisi kuna kikao cha kamati," alisema. "Walimu hawatutoshi. Kati ya zile shule tano za upande wa mto, moja itabidi iunganishwe na nyingine. Nataka matokeo ya darasa la mwisho, mwaka jana na mwaka huu. Lakini nataka picha. Wale wajumbe ukiwapa jedwali wanasinzia."

"Picha utaipata, mkuu," akajibu.

Moja ya zile shule tano ilikuwa ya machimboni. Hilo alilijua tangu mkuu alipofungua kinywa.

Siku ya Jumatano asubuhi aliingiza namba. Ile shule kubwa ya ng'ambo ya barabara kuu ilikuwa imetoka asilimia themanini na saba ya waliofaulu hadi tisini na moja. Shule nyingine tatu zilicheza kati ya themanini na nane na tisini. Shule ya kaka yake ilikuwa imetoka themanini na nane hadi themanini na sita. Akachagua bluu kwa mwaka jana na rangi ya chungwa kwa mwaka huu, akabofya, na chati ikajichora.

Ilikuwa nzuri. Mihimili ilipishana kimo, rangi zilikaa vizuri, na mtu yeyote angeisoma kutoka mwisho wa chumba. Ule wa chungwa wa shule kubwa ulisimama mrefu kama mnara. Na ule wa shule ya machimboni ulikuwa mfupi, kijumba cha chungwa kilichojikunyata kando ya mwenzake wa bluu aliyemzidi mara mbili.

Akasogeza uso karibu na skrini, akatazama chini kushoto, pale ambapo kipimo cha pembeni kinaanzia. Palikuwa na themanini na nne. Programu ilikuwa imechagua yenyewe.

Akakumbuka alichopigia mstari. Akafungua mipangilio, akafuta themanini na nne, akaandika sifuri. Papo hapo mihimili yote kumi ikarefuka na kulingana, ikawa kama vipande vya mkate uleule. Ukitaka kuona tofauti ilibidi ukodoe macho. Mawazoni akamwona mkuu akiuliza, sasa hapa umetuonyesha nini? Akawaona wajumbe wakipiga miayo, na yale mafunzo ya wiki mbili yakionekana kazi bure. Akajiambia kwamba themanini na nne imeandikwa pale pale pembeni, mwenye macho ataiona, hakuna uongo. Akajiambia pia kwamba shule ya kaka ikionekana imeshuka pengine itasaidiwa, italetewa walimu.

Akabofya kitufe cha kurudisha. Themanini na nne ikarudi, na chati ikawa nzuri tena. Akaenda kuchota maji ya chai.

Kikao kilifanyika saa nne. Mama Takwimu alikaa karibu na ukuta, akibadilisha kurasa kwenye skrini ya mbele kwa kubofya. Chati ilipotokea chumba kizima kiliamka. Mjumbe mmoja, mwenye kiwanda cha mbao, akanyoosha kidole.

"Hii ya machimboni vipi? Si imeporomoka nusu kwa nusu!"

"Ndiyo hivyo," mkuu akasema. "Namba hazina undugu."

Mwenyekiti, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, akavua miwani na kutikisa kichwa. "Masikini watoto wale. Afadhali wakapate shule yenye walimu."

Mdomo ulikuwa wake na ulimi ulikuwa wake. Ilihitaji sentensi moja tu: jamani, tazameni kipimo kinaanzia wapi. Lakini mkuu alikuwa ameshaanza kumsifu mbele ya watu, kwamba hii ndiyo kazi ya kisasa, na wajumbe walikuwa wamegeuka kumtazama wakitabasamu. Akatabasamu naye. Akabofya ukurasa uliofuata.

Baada ya wiki tatu barua ikatoka. Shule ya machimboni itafungwa mwisho wa muhula na watoto wote watahamia shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto. Mwalimu mkuu atahamia hukohuko kama mwalimu wa kawaida. Mama Takwimu aliisoma nakala ya barua hiyo akiwa amesimama koridoni, na hakumbuki alivyorudi mezani kwake.

Kaka alikuja Jumapili mchana. Hakupiga hodi kwa sauti yake ya siku zote, ile inayoanza tangu barabarani. Shemeji yake fundi saa alimkaribisha kiti, akaiona sura yake, akajifanya anaitwa na jirani. Kaka mtu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole na kuilaza mezani. Ilikuwa ni chati, imechapwa na kuambatanishwa na barua.

"Wamesema umeichora wewe."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi ni mwalimu wa kizamani, Kidogo. Mambo haya ya rangi yananipita. Nieleweshe."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alikuwa anauliza kweli, jinsi alivyokuwa akiwauliza wanafunzi wake waliopata jibu ambalo hakulitarajia. Mama Takwimu akamweleza. Huu wa bluu ni mwaka jana, huu wa chungwa ni mwaka huu. Hapa pembeni ni asilimia.

"Na hapa chini ni ngapi?"

"Themanini na nne."

"Mbona haianzi sifuri?"

Mama Takwimu akainamia karatasi. Kaka akatoa kalamu mfukoni mwa shati na kuanza kuandika pembeni mwa karatasi, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni.

"Mwaka jana niliandikisha watahiniwa hamsini. Walifaulu arobaini na wanne. Hiyo ndiyo themanini na nane yako. Mwaka huu niliandikisha hamsini. Wamefaulu arobaini na watatu." Akainua macho. "Nyumba hii iliyobomoka hapa ni mtoto mmoja."

"Kaka..."

"Mmoja. Namjua. Alikosa karatasi ya hesabu kwa sababu siku hiyo alikuwa anamzika mama yake, na anayekosa karatasi moja anahesabiwa hakufaulu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu tangu darasa la tatu." Akaifunika kalamu. "Uliona kwamba haianzi sifuri?"

Angeweza kusema hakuona. Programu mpya, macho ya kizee, haraka za mkuu, angeaminiwa. Lakini huyo ndiye mtu aliyemlea.

"Niliona."

Saa za ukutani za mumewe, ambazo hakuna hata mbili zilizolingana, zikaanza kugonga moja baada ya nyingine. Kaka mtu akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni na kusimama.

"Haya," akasema. "Nashukuru kwa kunielewesha."

Akatoka. Hakumwita Kidogo. Tangu siku hiyo hakumwita hivyo tena.

Jumatatu Mama Takwimu alifika ofisini kabla ya mlinzi hajafungua geti. Alichora upya ile chati, mihimili ikianzia sifuri, na chini ya kila mhimili akaandika idadi ya watoto, arobaini na wanne, arobaini na watatu, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya asilimia. Akaandika na barua ya ukurasa mmoja kueleza kosa, akiliita kosa langu, na akaweka sahihi. Mkuu aliisoma huku ameshika funguo.

"Unataka kunifanyia nini wewe mama?" akauliza. "Barua imetoka. Walimu wamepangwa. Jengo tumeshaliombea matumizi mengine. Leo niende niseme tulikosea chati?"

"Niliyekosea ni mimi, mkuu. Sema hivyo."

"Namba zenyewe ni za uongo?"

"Namba ni za kweli."

"Basi."

Mama Takwimu akampelekea mwenyekiti zile chati mbili nyumbani kwake, kwa miguu, jua la saa saba likimchoma utosi. Yule mama alizitazama chati zote mbili akiwa ameziweka magotini, moja huku na nyingine huku, muda mrefu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hii ya pili tungeiona siku ile tungeanza na swali la umbali. Ile ya machimboni isingekuwa ya kwanza kutajwa." Akamrudishia karatasi. "Lakini uamuzi wa kamati ukishapita na barua ikatoka, kuurudisha ni vita, na mimi kipindi changu kinaisha mwezi ujao. Nisamehe."

Kwamba huyo ndiye aliyeomba msamaha, ndilo lililomliza Mama Takwimu njia nzima.

Mwisho wa muhula shule ikafungwa. Yeye mwenyewe, baada ya ile barua yake, akaondolewa kwenye takwimu na kupelekwa masijala kupokea barua na kuzigonga mihuri. Meza yake ikapewa binti mmoja aliyemaliza chuo, mwenye heshima, aliyekuja kumwuliza habari za ile droo ya tatu. Hakuumia kwa hilo. Aliona hata adhabu hiyo ni ndogo.

Kilichomuumiza kilikuwa kwa kaka yake. Alikwenda kila Jumamosi kama zamani, akabeba matunda, akakaa. Kaka alimpokea vizuri. Alimuuliza hali ya shemeji, mvua, mafua. Lakini zamani alikuwa akimdodosa kuhusu kazi yake mpaka anachoka, na sasa hakuuliza neno. Mwenyewe alikuwa akienda shule kubwa kila siku, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, akiongozana na wale watoto ili wavuke barabara kuu salama. Baada ya muhula mmoja magoti yakagoma, akaandika barua ya kustaafu. Tangu hapo alishinda barazani.

Jumamosi moja wifi yake alimvutia jikoni.

"Kaka yako kuna kinachomla zaidi ya shule," akamnong'oneza. "Yule mtoto wa mtihani ameacha masomo. Alikuwa anarudia darasa, wakahamishwa naye. Huko shule kubwa wenzake wakawa wanamwambia, wewe ndiye uliyefunga shule yetu. Mzee amekwenda mara mbili kumwita. Hatoki."

Mama Takwimu hakungoja. Siku iliyofuata alivaa viatu vya kutembelea, akachukua zile chati mbili na kwenda machimboni.

Alimkuta binti huyo chini ya kipande cha turubai, amekaa juu ya gunia, anavunja kokoto. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa kuzuia vumbi. Nyundo aliyoshika ilikuwa ya mtu mzima. Bibi yake, aliyekuwa akichekecha pembeni, alieleza kwamba hiyo nyundo ni ya marehemu.

"Shikamoo," binti akasema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mdogo wake mwalimu wenu. Nimekuja kukuambia jambo."

Akachuchumaa, akazitandika zile karatasi mbili juu ya jiwe bapa na kuzizuia na kokoto zisipeperuke. Akamweleza kama alivyomweleza kaka yake, bila kuruka kitu. Kwamba chati hii aliichora yeye. Kwamba aliiona imekatwa miguu akaiacha kwa sababu ilipendeza. Kwamba watu waliamua kwa kuitazama hiyo. Binti aliinama akasoma. Alisoma kwa haraka, macho yakienda kwenye kipimo cha pembeni moja kwa moja, pale ambapo wajumbe wazima wa kamati hawakutazama.

"Kumbe hapa inaanzia themanini na nne," akasema. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana."

"Kwa hiyo ningefanya mtihani tungekuwa arobaini na wanne. Sawa na mwaka jana."

"Ndiyo. Sawa na mwaka jana."

"Basi ni kweli wanavyosema."

"Si kweli. Sikiliza mwanangu, wewe ulikuwa unamzika mama. Shule nimeifunga mimi na kidole changu hiki. Waambie hivyo. Nitakuja huko shuleni niwaambie mwenyewe, mbele ya darasa."

Binti akageuza nyundo mkononi.

"Mama alizikwa saa nne," akasema. "Mtihani ulikuwa saa tatu. Nilishavaa sare. Mwalimu ndiye aliyekuja mwenyewe asubuhi akaniambia nivue, nibaki na mama. Alisema mtihani utarudi mwakani, mama hatarudi." Akaweka jiwe jingine mbele yake. "Kule shule kubwa nilikuwa namwona kila siku anavyonitazama. Ananionea huruma. Sipendi."

"Amestaafu. Hatakuwepo."

"Najua," binti akasema, na macho yake yakajaa. "Ndiyo mbaya zaidi."

Akashusha nyundo. Jiwe likapasuka vipande vitatu. Bibi yake akamsindikiza mgeni mpaka njiani, akamshukuru kwa kuja, akamwambia watoto wa siku hizi wana mioyo mizito.

Hakurudi shule. Mama Takwimu alikwenda mara nne zaidi, na mara ya mwisho alikuta turubai limekunjwa. Bibi akasema binti amechukuliwa na mama yake mdogo aliyeolewa mbali, huenda akasomeshwa huko, huenda asisomeshwe. Hakuna aliyeleta habari nyingine.

Ila ile siku ya kwanza, akirudi kutoka machimboni, alipitia kwa kaka yake na vumbi miguuni. Alimkuta barazani.

"Hukuniambia kwamba wewe ndiye uliyemwambia abaki," akasema.

Kaka hakujifanya haelewi. "Ningekuambia ili iweje?"

"Ili nijue. Umekaa na hilo peke yako miezi yote hii, na mimi nikidhani umeninunia."

"Nimekununia pia," kaka akasema. Lilikuwa neno la kwanza la ukweli alilopewa tangu ile Jumapili, na lilimchoma na kumpoza kwa pamoja. "Usiku... hata mchana. Nakaa hapa najiuliza. Ningemwacha aende afanye ile karatasi, saa moja tu, akarudi kuwahi kaburini. Kisha najiona nikimwambia hivyo mtoto aliyefiwa, na najua nisingeweza. Hata leo ningemwambia avue sare." Akapangusa uso kwa kiganja. "Wewe uliona ukaacha. Mimi niliona nikachagua. Shule imefungwa vilevile."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekwisha kukusamehe. Kuzoea ndiko bado."

Mama Takwimu akajikung'uta vumbi, akaaga na kuondoka.

Mwaka uliofuata, akiwa masijala, ilifika mezani kwake barua ya kuomba kibali cha kuteketeza karatasi za zamani zilizokutwa katika jengo la machimboni, ambalo sasa lilikuwa ghala la saruji na madawati mabovu. Katika orodha palikuwa na madaftari ya mahudhurio ya miaka thelathini na minane. Aliomba ruhusa ya kuyachukua. Mkuu alimwangalia, akatikisa mabega, akasaini. Mama Takwimu akayapakia katika magunia matatu na kumpelekea kaka yake kwa mkokoteni.

Kaka mtu aliyapanga sakafuni kwa mpangilio wa miaka. Akachukua la kwanza, ambalo karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, akavaa miwani na kuanza kuita majina kwa sauti, taratibu, akisimama kwa kila mmoja. Huyu ni dereva wa magari makubwa. Huyu alifariki kwa homa akiwa darasa la tano. Huyu ana watoto sita na alinisalimia juzi sokoni. Huyu sijui. Wifi akaleta chai, ikapoa. Mama Takwimu alikaa kwenye kigoda akisikiliza, na kila aliposikia jina alilolijua alisema lile alilolijua, na kaka akaitikia kwa kichwa.

Waliendelea hivyo Jumamosi nyingi, kila mara daftari moja. Lile la mwaka wa mwisho, lenye jina la yule binti, kaka alilitoa kwenye rundo mapema na kuliweka juu ya kabati, akasema hilo wataliona siku nyingine. Siku hiyo haijafika bado. Mama Takwimu anapokwenda huliona pale juu limeanza kushika vumbi, na hajawahi kuligusa.